Gamba

Kwanza kizibo.
Kabla ya mikono, kabla ya neno lolote,
naziba tundu la sinki,
maana mwaka ule wa kwanza, Bohuslav,
lenzi ya kulia ilitutoroka humo
ukafungua bomba zima kwa spana ya karakana ya tramu,
ukaitoa imepasuka,
ukaishika kama jino la kwanza la mtoto.

Kisha sabuni isiyo na manukato,
na taulo lisiloacha nyuzi.
Ndipo nakwambia: tazama juu.
Nawe unatazama dari letu lenye ukungu
kama mtu aliyeulizwa swali kanisani.

Kulia kwanza. Daima kulia kwanza.
Kipira cha kunyonya, kidogo kuliko kifungo cha shati,
nakigusisha, navuta,
jicho linabaki tupu.
"Sasa umekuwa moshi," unasema kila usiku.
Moshi wenye mikono safi, najibu kila usiku.

Macho hayana pazia. Yako yanalo,
gumu, pana kama ukucha wa kidole cha mwisho,
limechongwa kufuata kioo cha jicho lako kilichochongoka.
Daktari Havránková alituchorea nyuma ya risiti:
ya wengine ni mgongo wa bakuli,
yako, ncha ya yai.

Matone mawili ya dawa kitangani.
Nasugua mbele na nyuma, bila haraka,
upande wa nje, kisha wa ndani
ambako mafuta ya siku hujificha,
na vumbi la reli, na chozi ambalo hukunieleza.
Ukibana, inapinda.
Ukilegeza, inaruka.
Kipimo hicho nilikijua kabla ya lenzi;
tumeoana miaka thelathini na minane.

Kusuuza ni kwa maji ya chupa, si ya bomba,
maana ya bomba yana vijidudu vinavyolipenda jicho.
Wala si kwa mate!
Nilikukuta karakana unailamba kama stempu,
nikakununia hadi Jumapili.

Siku hizo vidole vyako vilikuwa vyako.
Sasa vinatetemeka hata vikiwa vimelala,
ndiyo maana kazi hii ni yangu.

Juzi, mkesha wa Krismasi,
karpu aliyekaa siku mbili ndani ya hodhi letu la kuogea
alikuwa tayari amekaangwa,
Olomouc yote inanuka siagi na mishumaa.
Kulia ikatoka salama.
Kushoto, kipira kikarudi kitupu.
Nikajaribu tena. Kitupu.

"Radka, usikanyage!"
Binti yetu akavua viatu mlangoni, akapiga magoti nami.
Tulilaza tochi sakafuni, mwanga ukatambaa juu ya marumaru,
kitu kikamemeta. Gamba la samaki.
Kingine, chini ya mizani. Gamba.
Nyuma ya choo, gamba.
Wewe ulikaa ukingoni mwa hodhi
ukiiomba radhi mikono yako, kwa sauti, mmoja mmoja.
Nami nilikuwa nahesabu koruna za lenzi mpya,
sikusema.

Kisha ukasema: kitu kinanikwaruza.

Tazama puani.
Ilikuwepo.
Imeteleza pembeni, juu ya weupe wa jicho,
kama kisahani kilichosogea mezani wakati wa ugomvi.
Sikuivuta kwa nguvu.
Matone ya maji ya chumvi, na ukope wako wenyewe,
nikausukuma taratibu, fumba, fumbua,
mpaka ikarudi nyumbani kwake.

Ukanikazia jicho lile moja.
Kimya kirefu; Radka bado amepiga magoti.
"Bohumila," ukasema,
"una gamba kwenye nywele."

Nimelitia kwenye pochi, pesa zisikatike,
kama mama yangu alivyofanya.
Lenzi zimelala kwenye dawa mpya,
ya jana nimeimwaga.
Kizibo sijakitoa bado.